Uzi Kwenye Mguu wa Chozi

Siku ambayo Ainebyona alimkanyagia Kemirembe gauni la arusi, gulio la Omurushaka lilikuwa limefurika mpaka waendesha pikipiki walikuwa wanashuka na kuzisukuma kwa mikono. Mikungu ya ndizi ilikuwa imelazwa kando ya barabara kama watu waliochoka. Spika ya muuza dawa ya panya ilikuwa inashindana na spika ya muuza mitumba, na harufu ya dagaa waliokaushwa ilikuwa imeganda hewani. Katikati ya rabsha hiyo yote, kijana mmoja mrefu, mwenye fulana nyeusi na begi mgongoni, alikuwa anarudi kinyumenyume, jicho moja amelifumba, jingine amelizamisha kwenye kamera.

Nyuma ya vibanda palikuwa na migomba michache, na kwenye ua la mgomba mmoja alikuwa ametua chozi dume, yule ndege mdogo anayefyonza asali ya maua. Kifua chake kilikuwa chekundu kama kaa la moto, na paji lake la kijani liling'aa kila alipolisogeza.

"Geuka kidogo tu," Ainebyona alimnong'oneza. "Nipe jicho, mkubwa. Nipe jicho."

Ndege akageuka. Ainebyona akarudi hatua moja zaidi, na kisigino chake kikatua juu ya kitu laini.

"We kaka! We kaka, toa huo mguu!"

Aligutuka, akaruka, na katika kuruka akaangusha sanamu la mbao lililovikwa kitenge, nalo likaangusha meza ya vifungo. Vifungo vikasambaa chini. Mbele yake alisimama msichana mwenye blauzi ya kitenge cha njano na futi la kupimia limening'inia shingoni, pini tatu amezibana kwa midomo. Alizitoa pini moja moja, taratibu, kama mtu anayetafuta lugha ya kutumia.

"Hivi wewe unapiga picha au unapiga watu?"

"Samahani, dada. Samahani sana. Nilikuwa namwangalia ndege."

"Kwani ndege ndiye kavaa hili gauni?" Aliliinua. Kwenye pindo jeupe palikuwa na alama ya kiatu, kamili, mpaka chapa ya kampuni ilisomeka. "Bibi arusi anakuja kulichukua saa nane."

Mwenzake, Joanitha, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, alishindwa kujizuia, akalaza kichwa juu ya cherehani akicheka.

"Hebu nimwone huyo ndege wako," Kemirembe alisema, akanyoosha mkono.

Ainebyona akamwonyesha kioo cha kamera. Kulikuwa na mkia na jani.

"Mawe! Mama yangu, mkia na jani? Umenikanyagia gauni la watu kwa ajili ya mkia na jani?"

Aibu ilimpanda Ainebyona mpaka masikioni. Alipiga magoti, akaokota vifungo vyote, akaazima beseni, akalifua pindo lile kwa sabuni ya kipande huku akina mama wauza nyanya wakimtazama na kutoa maoni. Saa nane kasoro robo gauni lilikuwa limepigwa pasi ya mkaa, safi kabisa. Kemirembe alilikagua, akamkagua na yeye.

"Kumbe ukitaka unaweza," alisema. "Sasa nipigie picha nguo zangu, tuwe sawa."

Ndivyo ilivyoanza. Ainebyona alikuwa na studio ndogo Kayanga, chumba kimoja chenye pazia la bluu, ambako alipiga picha za pasipoti na za vipaimara. Hiyo ilikuwa kazi yake. Kitu alichokipenda hasa ni ndege waimbaji, wale wadogo wenye rangi, ambao watu hupita chini yao kila siku bila kuinua macho. Alipompigia Kemirembe picha za nguo alimweleza mambo yake: kwamba ndege apigwe picha kwa usawa wa jicho lake, si kutoka chini, kwamba mbele ya mdomo wake iachwe nafasi, ili apate pa kutazama, kwamba nyuma yake pasiwe na kijiti kinachoonekana kumtoka kichwani.

"Ni kama mimi na kitenge," Kemirembe alisema. "Ua kubwa usiliweke kwenye makalio ya mtu."

Ainebyona alicheka mpaka kamera ikatikisika.

Baada ya mwezi mmoja simu ya Ainebyona ilikuwa haikai mfukoni.

"Haloo, Bwana Ndege."

"Haloo, mama wa vitenge. Umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Nina njaa ya kumwona mtu."

"Mtu gani?"

"Mmoja hivi, mrefu, hajui kutazama anakokanyaga."

Jumamosi alipanda pikipiki kwenda Omurushaka, akaketi kwenye benchi la wateja akimwangalia Kemirembe anavyokata kitambaa bila kuchora. Siku moja mkanda wa begi lake la kamera ulikatika. Kemirembe akampa uzi wa nailoni wa kahawia, ule wa kushonea mabegi, na sindano nene.

"Shona mwenyewe. Sitaki uzoee kudekezwa."

"Kemi, hebu niambie. Kwangu umependa nini? Sina gari, sina kitambi."

Kemirembe alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Siku ile baada ya kufua gauni ulirudi kule migombani. Nilikuona. Ulikaa saa nzima na nusu unamngoja yule ndege, jua linakuchoma, wala hukumtupia jiwe. Nikasema, mtu anayeweza kungoja hivi, hata siku nikinuna hatanikimbia."

Ainebyona aliyachukua maneno hayo akaenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa cheo.

Mwezi wa sita likatangazwa shindano la picha za ndege. Waandaaji walikuwa kikundi kidogo cha wapenda mazingira, chini ya mama mmoja wa Bukoba aitwaye Bi Dafroza. Tuzo ilikuwa lenzi ndefu, ya aina ambayo Ainebyona aliiona kwenye simu tu. Masharti yalikuwa machache, na la kwanza lilisema ndege awe huru, asiwe amefungwa wala kufugwa. Picha bora ingechapishwa kubwa, itundikwe ukumbini Kayanga, watu waje waione.

"Nenda kwetu Bweranyange," Kemirembe alimwambia. "Pembeni mwa kibanja cha baba, lile shamba la nyumbani, kuna mti wa murinzi. Ukitoa yale maua yake mekundu, machozi wanajaa kama wateja wa Krismasi. Nitampigia baba simu."

Baba yake, Mzee Evaristi, alikuwa katekista mstaafu, mwembamba, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua la mchana. Alimpokea kwa heshima iliyomtia woga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ndege. Binti yangu amenisimulia. Mti ule pale, ngoja uwezavyo. Hapa hakuna atakayekusumbua."

Alingoja siku ya kwanza tangu alfajiri, amejikunyata kati ya mibuni, umande umemlowanisha mpaka magotini. Machozi walikuja, lakini wote walimgeuzia migongo. Siku ya pili kukawa na upepo, kila picha ikatoka na ukungu. Mama wa nyumba alimletea ndizi na maharage pale pale chini ya mibuni, na mzee akapita mara moja akauliza kwa sauti ya chini, "Bado?" Akajibu, "Bado, mzee." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Picha zilitakiwa zitumwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mpaka saa saba chozi dume, mkubwa, kifua kikiwaka, alikuwa amekuja mara tisa. Mara tisa jani lilikuwa mbele yake, au tawi, au aliruka kabla kidole hakijabonyeza. Saa saba na nusu Kemirembe akapiga simu.

"Amekuja, mpenzi?"

"Bado."

"Atakuja. Joanitha nimeshamwambia tumeshinda. Wateja wote nimewaambia. Usiniangushe, Bwana Ndege."

Alisema kwa utani. Lakini alipokata simu, Ainebyona alihisi kama amewekewa mzigo kichwani na mtu aliyeuweka akaondoka. Aliutazama mti ule. Akakumbuka ulimbo, utomvu wa kunata wa mkuyu waliokuwa wanautumia kwao Isingiro alipokuwa mdogo, kunasia ndege wa kuchoma. Na mkuyu ulikuwepo, hatua ishirini tu.

Ilikuwa rahisi, na baadaye hilo ndilo lililomwuma zaidi. Alipaka utomvu kwenye tawi, chozi akatua, akanasa. Ainebyona alimbandua kwa vidole, akamsikia moyo wake unavyokimbia mkononi, kitu kidogo kisichofika uzito wa funguo. Akatoa ule uzi wa kahawia uliosalia begini, akamfunga mguu mmoja, akaufunga uzi kwenye kijitawi chini ya ua zuri kuliko yote, mahali penye mwanga. Rangi ya uzi ikapotea kwenye rangi ya gome. Kisha akarudi nyuma, akapiga magoti, akamlenga kwa usawa wa jicho.

Ndege alijivuta aruke. Bawa moja likafunguka nusu, kifua kikatanuka, kichwa kikageukia mwangani, mdomo ukafunguka. Nafasi ilikuwepo mbele ya mdomo. Nyuma palikuwa kijani tupu, laini kama hariri. Kamera ikalia mara kumi na mbili.

Alipokwenda kumfungua, chozi alikuwa ameshajipinda. Utomvu ulikuwa umeshika manyoya ya bawa, na mguu ulikuwa umekaa vibaya. Ainebyona alikata uzi kwa meno, akampuliza, akamdondoshea maji mdomoni kwa kidole. Akamweka kivulini kwenye jani la mgomba, akasema, "Nenda. Nenda basi." Hakwenda. Kabla hajamaliza kufunga begi, alikuwa amekufa. Akachimba kwa kijiti chini ya mbuni, akamfukia, akasawazisha udongo kwa kiganja, akaangalia nyuma kama mwizi.

Njiani akakutana na Mzee Evaristi.

"Amekuja?"

"Amekuja, mzee."

"Unaona sasa! Mwenye subira!" Mzee alimshika mkono kwa mikono yote miwili, mkono ule ule wenye utomvu kwenye kucha.

Picha ilishinda. Bi Dafroza alimpigia mwenyewe, sauti imejaa furaha. "Kijana, majaji tumekaa kimya dakika nzima. Ule mdomo! Mtu anausikia kabisa ule wimbo." Ainebyona alishukuru, akakata simu, akafunga studio kabla ya saa sita.

Tangu siku hiyo akaanza kumkimbia Kemirembe. Alikuwa hamchukii hata kidogo, ila kila alipomwona alikumbuka alivyosema "hukumtupia jiwe." Simu ikilia, anaiangalia mpaka inanyamaza. Jumamosi anasema ana kipaimara, na kipaimara hakipo.

"Ainebyona, nani huyo?" Kemirembe aliuliza siku moja, bila salamu.

"Nani yupi?"

"Huyo uliyempata. Mimi si mtoto. Mtu amekuwa mshindi, ameanza kuwa na shughuli."

"Hakuna mtu, Kemi. Nakuapia."

"Basi una nini?"

"Nimechoka tu."

Upande wa pili kukawa na mlio wa cherehani, kwa muda mrefu. "Sawa," alisema. "Nakushonea kitu. Siku ya sherehe utanieleza huo uchovu."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Mzee Evaristi alikuja na koti lake na wazee wawili wa kigango; Jumapili iliyopita alikuwa amesimama baada ya misa akawatangazia watu kwamba Mungu ameutazama mti wao. Kemirembe aliingia akiwa amevaa gauni jeusi lililombana vizuri, kifuani pana kitambaa chekundu kinachowaka, na kilemba cha kijani cha kung'aa. Watu waligeuka. Alikuwa amejishona awe chozi.

"Umependeza," Ainebyona alimwambia.

"Nimekuja kumwona mwenzangu," alijibu akitabasamu, akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele ya picha.

Ilikuwa imechapishwa kubwa kama mlango. Kwenye kioo cha kamera, na kwenye simu za majaji, ule mguu ulikuwa mstari tu. Hapa ulikuwa na unene wa kidole. Kemirembe aliitazama picha kutoka juu kwenda chini, kama anavyokagua nguo ya mteja: kilemba, kifua, bawa, pindo. Alipofika mguuni, akasimama. Akasogea. Akainama. Tabasamu lake likabaki pale pale usoni ila macho yakaliacha.

Mtu mwingine angeliona gome. Yeye alikuwa fundi, na uzi ule ulikuwa umetoka kwenye droo yake.

"Aine," alisema polepole, bila kumtazama. "Huyu ndege anafanya nini?"

Huo ndio wakati aliokuja kuufikiria miezi yote iliyofuata. Alikuwa ameulizwa kwa upole. Hakuna aliyekuwa anasikia. Angeweza kusema. Lakini nyuma yao Bi Dafroza alikuwa anakuja na watu, wote wanatabasamu.

"Anaimba," alisema.

Kemirembe aliuachia mkono wake. Hakupiga kelele. Aliifungua pini ya kilemba, akakivua, akakikunja mara nne, akakiweka ndani ya mkoba. Kisha akapita katikati ya watu, akatoka. Kwenye kipaza sauti wakaita jina la mshindi, na watu wakapiga makofi, na Ainebyona akapanda jukwaani kupokea lenzi. Alipotakiwa aeleze alivyoipata picha, alisema, "Nashukuru," akashuka. Walisema ni mnyenyekevu.

Wiki mbili simu ya Kemirembe haikupokelewa. Ainebyona alipokwenda Omurushaka, Joanitha ndiye aliyetoka nje, sindano mkononi.

"Shemeji, rudi. Amesema nikuambie neno moja tu. Uzi angekusamehe."

"Na lipi hakusamehe?"

"Amesema unalijua."

Alilijua: lile la "Anaimba." Lenzi ilikuwa kwenye sanduku lake juu ya kabati, hajaifungua. Alikuwa hawezi kulitazama pazia la bluu, hawezi kumwambia mteja inua kidevu. Jumatatu akapanda basi kwenda Bukoba, akamkuta Bi Dafroza ofisini, akaweka sanduku mezani.

"Ndege alikuwa amefungwa, mama. Kwa uzi. Alikuwa haimbi, alikuwa analia. Kisha akafa."

Bi Dafroza alivua miwani. Alimtazama, na ile sura ya upendo ikamtoka, ikaja sura nyingine ambayo Ainebyona aliona anaistahili. "Na mimi nimewaambia watu kwamba nausikia wimbo wake," alisema. "Nenda, kijana. Picha tutaishusha. Sababu tutaitangaza."

Kutoka stendi hakwenda nyumbani. Alikwenda Bweranyange. Mzee Evaristi alikuwa anapogoa mibuni. Ainebyona alimwamkia, kisha akashindwa kusimama, akachuchumaa pale pale kwenye majani makavu, akasimulia yote akiwa anautazama udongo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Ulimfukia wapi?"

Akamwonyesha. Mzee alipatazama mahali pale, kisha akaweka kisu chini.

"Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu wasiseme uongo," alisema. "Halafu nikasimama kanisani nikausema wa kwako, kwa mdomo wangu. Sasa Jumapili nitasimama tena nikatubu kitu ambacho sikukifanya. Unaniona nilivyo mzee? Unaniona?"

"Mzee, nitakwenda mimi, nitasimama—"

"Wewe si wa kigango chetu. Nenda nyumbani."

Hakumwambia kwamba amemsamehe. Wala hakumkataza kurudi. Alimwacha tu pale, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Habari zilienea Kayanga kama moshi. Watoto wa shule walikuwa wakipita studio wanalia sauti ya ndege. Bibi arusi mmoja akaghairi, akasema hataki mpiga picha atakayemfunga kamba. Ainebyona aliyapokea yote. Alifungua asubuhi, akafunga jioni. Kamera aliishika kwa ajili ya nyuso za watu tu.

Mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene, mlango wa studio ulisukumwa, akaingia Kemirembe. Alikuwa na sketi ya kijivu na sweta, hana hata hereni.

"Nataka picha za pasipoti. Nne."

"Karibu. Keti hapo."

Alikaa kwenye kigoda. Ainebyona alisogeza taa. "Inua kidevu kidogo."

"Usinipange. Nipige nilivyo."

Alimpiga alivyo. Alikuwa amekonda kidogo, na macho yalionyesha hakuwa amelala vizuri. Alipotaka kuzichapa, Kemirembe akamzuia.

"Kwanza nieleze. Baba amenieleza, mtaa umenieleza. Wewe hujanieleza."

Ainebyona alikaa sakafuni, akaeleza. Alieleza na yale ambayo hakuna aliyemwuliza: kwamba alipokuwa anambandua chozi alihisi furaha, kwamba alipiga picha kumi na mbili huku anaona kabisa anaumia, kwamba baada ya kumfukia alinawa mikono akala chakula chote cha mama yake Kemirembe.

Kemirembe alilia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa sweta.

"Mimi nilikupenda kwa sababu ya kungoja kwako," alisema.

"Najua."

"Na uzi nilikupa mimi."

"Kemi, hilo usilibebe. Hilo ni langu."

"Nilivaa vile mbele za watu. Nimevaa ndege aliyekufa. Miezi hii nimejitahidi nikuchukie. Asubuhi naweza. Ikifika saa kumi, ule wakati ulikuwa unanipigia simu, siwezi tena."

"Nilikuwa napiga ili nisikie cherehani tu."

"Nyamaza, usinibembeleze. Sijamaliza." Lakini mdomo wake ulikuwa umetetemeka upande mmoja. "Ukinidanganya tena, hata kwamba chai ina sukari, naondoka. Wala sitasema kwaheri."

"Sawa."

"Blauzi hii niliyoishona juzi, imenikaa?"

Ainebyona alimtazama. Sweta lilikuwa limefunguka, na kola ya blauzi ilikuwa imejikunja vibaya upande wa kushoto.

"Hapana," alisema. "Kola imekushinda."

Kemirembe alishusha pumzi, ndefu, kama aliyetua ndoo. "Ilinishinda kwa sababu yako, mshenzi wewe. Lete wazee wako kwa baba. Sikuahidi kwamba atakubali."

Wazee walikwenda Januari. Msemaji alikuwa baba yake mdogo, Nolasco wa Isingiro, mtu wa suti ya kahawia na maneno mengi. Walikaribishwa sebuleni kwa Mzee Evaristi, wakapewa kahawa ya kutafuna, ile ya kumpokea mgeni, kwenye kikapu kidogo. Upande wa pili walikaa kaka zake mzee wawili, waliotoka mbali, na shangazi mmoja mnene aitwaye Benadeta. Kemirembe na wanawake wengine walikuwa chumba cha ndani, pazia katikati.

Nolasco alisimama, akarekebisha koti. "Ndugu zetu, kijana wetu huyu si wa kuokotwa. Ana studio yake Kayanga. Na isitoshe, picha yake ya ndege imeshinda mkoa mzima—"

Ainebyona alikuwa amemwomba baba yake mdogo asiliguse jambo hilo, naye alikuwa ameitikia. Alimtazama Mzee Evaristi. Mzee alikuwa ameinamia kikapu cha kahawa, anachagua punje. Wale kaka zake walikuwa wanatikisa vichwa kwa kupendezwa. Ilionekana wazi kwamba hawajui lolote. Mzee hakuwaambia ndugu zake. Kunyamaza kungetosha kabisa. Nyuma ya pazia nako minong'ono ilikuwa imekatika.

"Baba mdogo, naomba nikukatize."

Nolasco aligeuka, macho yanamwambia akae chini.

"Sikushinda," Ainebyona alisema, akiwa ameinuka nusu, hajui aweke wapi mikono. "Nilipewa tuzo nikairudisha. Yule ndege nilimnasa kwa ulimbo nikamfunga uzi, hapa hapa kibanjani kwa mzee. Akafa. Halafu nikawadanganya watu. Mzee anajua, na Kemirembe anajua. Nimeona aibu mjue na ninyi kwa kusikia kwingine."

Hakuna aliyetafuna.

Shangazi Benadeta aliirudisha kikapuni punje aliyokuwa ameishika. "Sasa," alisema, akimtazama Nolasco, "huyu ndiye mnayetuletea?"

Nolasco alitoa leso, akajifuta uso wote mpaka shingoni. Maneno yake mengi yalikuwa yamekwisha. "Ndiye huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Hatuna mwingine."

Nyuma ya pazia mtu alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikampasuka, na Ainebyona, aliyekuwa bado ameinuka nusu kama mtu aliyesahau namna ya kukaa, alikijua ni cha nani.

Mzee Evaristi aliinua kichwa. Alikisukuma kikapu cha kahawa juu ya mkeka mpaka kikagusa kiatu cha Ainebyona.

"Keti, kijana, utafune," alisema. "Bwana Nolasco, wewe kunywa maji. Halafu anza upya."

Nolasco alikunywa maji, glasi nzima. Akakohoa, akafungua vifungo vya koti.

"Ndugu zetu," alisema, safari hii polepole. "Kijana wetu anaitwa Ainebyona. Ni wa Isingiro. Anamwomba binti yenu."